Bati Haliliwi

“Ana bati huyo.”

Mzee aliyesema hivyo alikuwa amesimama katikati ya mkutano wa kijiji, mkono mmoja mfukoni mwa koti, mwingine amemnyooshea bibi yangu. Ilikuwa Julai, asubuhi ya ukungu, na huku Mufindi, mkoani Iringa, Julai watu huja mkutanoni na mablanketi mabegani. Mwezeshaji alikuwa akisoma majina ya kaya zilizo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya duni ruzuku ya fedha, wanakijiji waseme nani hali yake bado duni na nani ameshainuka. Jina la bibi lilipotajwa pakawa kimya kidogo. Ndipo mzee akasimama.

“Ana bati. Na ndani mahindi yapo, nendeni mkaangalie.”

Bibi hakuinuka. Alijibu akiwa palepale kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, hamtazami mzee wala mwezeshaji.

“Bati alipiga marehemu. Na bati haliliwi.”

Watu wakacheka, mzee mwenyewe akiwemo. Mwenyekiti akasema jina hilo liwekwe kiporo, mkutano ukaendelea na jina linalofuata. Mimi nilikuwa nyuma, chini ya mkaratusi, pamoja na wenzangu tuliokuja likizo kutoka mijini. Sisi pia tulicheka.

Nimerudi Mbeya, nimeendelea na kazi, na maneno yale mawili, la mzee na la bibi, yamegoma kutoka kichwani.

## Wote wawili walisema kweli

Ningependa yule mzee awe mwongo, au mmoja wa wale wasiopenda kuona jirani akipata. Makala hii ingekuwa fupi na ingependeza. Lakini hakuongopa. Bati lipo, limeshika kutu upande wa jikoni lakini lipo. Mahindi yapo pia. Yalikuwa yametoka shambani siku chache kabla, mengine bado yako kwenye maganda yake uani.

Na bibi hakuongopa. Umri wake umepita miaka sitini, mgongo unamsumbua, na analea wajukuu wawili wa shule ya msingi. Mama yao alifariki. Baba yao alikwenda Chunya kwenye dhahabu na mpaka leo hajatuma hata salamu. Kaya ya bibi na wajukuu si kitu cha ajabu kwetu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 uliikuta Njombe ikiongoza nchini kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa ikifuata, kisha Mbeya. Mabibi wa mikoa hii walianza kulea mara ya pili zamani, wakati wengi wetu tukiwa bado shuleni.

Sasa fomu ina nafasi ya kweli moja tu.

Bati: ndiyo au hapana.

## Nyumba za nchi ya baridi

Kuna sehemu za nchi hii ambako paa linaweza kukuambia mengi. Ukiona tembe au nyasi, unaanza kukisia. Huku kwetu paa linasema kidogo sana. Mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, mwaka mwingine mpaka Mei, na ikikatika tu inaingia baridi. Nyumba isiyo imara huku inakulaza na maji. Kwa hiyo watu hujenga. Udongo wa tofali uko uani, kuni za kuchomea hazikosekani, na nguvu ni yako na ya majirani uliowapikia pombe. Cha kununua hasa ni bati, nalo hununuliwa polepole, mwaka huu matano, mwaka ujao manane, kwa fedha ya pareto, ya mbao, ya kuchuma chai kwenye mashamba makubwa.

Babu alikuwa kibarua wa upandaji miti Sao Hill. Bati lile ni mshahara wake. Linaeleza hali ya kaya ile wakati yeye ana nguvu ya kubeba miche kutwa nzima. Tangu azikwe, bati limebaki na kila kitu kingine kimepungua: mbuzi waliuzwa, nusu ya shamba imekodishwa, redio iliharibika na haikutengenezwa.

Siwadharau waliotunga dodoso. Mkulima hana hati ya mshahara. Ukimuuliza “unapata shilingi ngapi kwa mwezi,” atakutazama tu, kwa sababu kuna mwezi anapata laki mbili na kuna miezi minne hapati kitu. Kwa hiyo huulizwa vitu vinavyoonekana: paa, sakafu, choo, vyombo, idadi ya watu, nani anasoma. Majibu huingizwa kwenye kompyuta nayo hukisia kiwango cha maisha. Kabla ya hapo kijiji chenyewe kimeshataja majina mkutanoni, na baada ya hapo orodha hurudi kijijini ikajadiliwe. Utaratibu una akili ndani yake. Umewekwa hivyo ili mwenyekiti asijaze shemeji zake.

Na si kwamba hofu hiyo haina msingi. Februari 2020, Rais Magufuli alipozindua awamu ya pili ya mpango huu Dar es Salaam, alisema wazi habari ya kaya hewa, maelfu ya majina yaliyokuwa yakilipwa bila kustahili au bila kuwepo kabisa. Baada ya habari kama ile, kila mtu anataka ushahidi wa kushikika. Bati linashikika.

Njaa ya Februari haishikiki Julai.

## Kalenda ya bibi

Anayepita Mufindi Julai kwa basi la kwenda Dar es Salaam anaona mahindi kila mahali: kwenye maturubai, kwenye matoroli, kwenye malori yaliyopangwa kando ya barabara. Mtu huyo ukimwambia kuna watu wenye njaa hapa, atadhani unatafuta mfadhili.

Basi nifuate mwaka mzima nyumbani kwa bibi.

Juni na Julai anavuna. Hapo hapo madeni nayo yanavuna: duka linalomdai sabuni na chumvi tangu Februari, jirani aliyemkopesha mbegu, michango ya shule na ya kijiji. Anauza. Anauza wakati kila mtu anauza, kwa bei aliyoikuta, na mnunuzi mara nyingi hupima kwa ndoo yake mwenyewe. Agosti na Septemba maisha ni mazuri, watoto wanashiba, na ukifika na dodoso lako unakaribishwa ugali na maharage.

Oktoba anaanza kupima unga kwa macho. Novemba anapanda, na ndani ya ghala dogo anatenga mbegu. Desemba wajukuu wengine wanakuja kutoka mjini kusherehekea Krismasi kwa bibi, maana kwa bibi chakula hakikosekani. Wanakula kwa wiki mbili na kuondoka na kiroba cha mahindi kila mmoja, kwa sababu bibi hawezi kumwachia mtu aondoke mikono mitupu. (Niliwahi kuwa mmoja wa hao. Hakuna aliyetuambia.)

Januari shule zinafunguliwa. Ada ilishafutwa, lakini daftari, sare na viatu vya kuvuka matope havikufutwa. Januari hiyo hiyo mahindi yanaisha.

Halafu Februari.

Februari ndiyo palizi. Magugu hayasubiri, na mahindi yasiyopaliliwa sasa hayatazaa. Bibi ana shamba lake linalohitaji jembe, na ana watoto wawili wanaohitaji kula leo. Kwa hiyo anachukua jembe kwenda kupalilia shamba la mwingine. Analima kipande, analipwa debe la mahindi akimaliza vipande kadhaa, au fedha kidogo. Shamba lake linalimwa jioni, au linalimwa na wajukuu, au halilimwi. Machi anaanza kuchuma majani ya maboga na kuombea mahindi mabichi yawahi.

Juni anavuna kidogo kuliko mwaka uliopita. Sababu ni kwamba wiki zile tatu za palizi alikuwa kwenye shamba la mwenye chakula.

Nimekaa na hili muda mrefu kwa sababu nilidhani naijua njaa ya kwetu. Nilijua kuna “miezi migumu.” Sikuwa nimeiona kama mashine. Februari inakula Juni, na Juni iliyoliwa inazaa Februari mbaya zaidi. Kwa mtu mwenye mgongo mzima na mume anayeingiza mshahara, mzunguko huo unakatika. Kwa bibi unazidi kubana. Kumpima Julai ni kama kumpima mgonjwa wa malaria saa ambayo homa imeshuka, ukamwambia aende nyumbani.

## Elfu thelathini na sita

Wapo wanaosema fedha hizi zinawafanya watu wavivu, au zinaishia kwenye pombe. Nimeyasikia maneno hayo kwenye daladala ya Mwanjelwa, nimeyasikia kanisani, na nimeyasikia kwa watu ambao bia zao za Jumamosi moja zinazidi kiasi kinachozungumzwa.

Tuhesabu. Kwa viwango vya awamu ya kwanza, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Ikiwa na watoto iliongezewa 4,000. Kila mtoto wa shule ya msingi aliyehudhuria si chini ya asilimia 80 ya siku za masomo alileta 2,000. Bibi na wajukuu wawili: 18,000 kwa mwezi. Malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo siku ya dirisha, yaani siku ya malipo, alipokea 36,000. Hata kaya yenye watoto wengi na mwanafunzi wa sekondari ilikuwa na kikomo, 38,000 kwa mwezi, haivuki hapo.

Kwa kulinganisha, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Mtu mmoja. Bibi ana watu watatu.

Hakuna mtu anayekuwa mvivu kwa shilingi mia sita kwa siku zinazogawanywa kwa watu watatu.

Kuhusu pombe, majaribio ya mwanzo kabisa ya ruzuku hizi, yaliyoanza 2010 kwenye vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yalifuatiliwa na watafiti. Walikuta kaya zimekata zaidi bima ya afya ya jamii, zimenunua mifugo, watoto wamevaa viatu. Bibi alinunua majike mawili ya kuku na jembe. Jembe!

Lakini kilichonivutia kwenye simulizi zake ni jinsi thamani ya fedha ile inavyobadilika kwa tarehe. Dirisha likiangukia Agosti, 36,000 hununua chumvi, sabuni, daftari za akiba, pengine kuku. Likiangukia Februari, 36,000 hizo hizo zinamrudisha kwenye shamba lake mwenyewe. Ananunua mahindi ya kula siku za palizi, anapalilia kwake, na faida yake anaipata kwenye magunia ya Juni. Alinieleza hivi bila kutumia neno hata moja la kitaalamu: “Wakitoa mapema nalima kwangu. Wakichelewa nalima kwa watu.”

Waliobuni mpango wanalijua hili, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Sehemu ya kazi za muda, zile za barabara za kijiji, mifereji, vitalu vya miche, ilipangwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Katika awamu ya kwanza zilikuwa siku 60 kwa mwaka, 15 kwa mwezi kwa miezi minne, na malipo yalikuwa 2,300 kwa siku. Kwa karatasi, jibu la Februari lipo. Ila siku kumi na tano za kuchimba mfereji Februari ni siku kumi na tano nyingine za kutokuwa shambani kwako, na kwa mtu wa umri wa bibi, mfereji wenyewe ni mtihani.

## Mikoa ya chakula

Kuna takwimu moja ambayo viongozi wetu huisoma kwa aibu kila mwaka. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni asilimia 30. Iringa ilikuwa asilimia 57, Njombe asilimia 50. Mikoa inayolisha wenzake ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa.

Maelezo ya kawaida ni kwamba akina mama hawajui lishe. Wanauza mayai wananunua soda, na kadhalika. Nimesikia hotuba hiyo mara nyingi kiasi cha kuweza kuitoa mwenyewe. Sitaki kusema elimu ya lishe haina kazi, ina kazi. Lakini nenda kijijini Februari saa tano asubuhi. Mama hayupo, yuko kwenye kibarua tangu alfajiri. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu yuko mgongoni kwa dada yake wa miaka sita, na uji aliopikiwa asubuhi umepoa kwenye sufuria. Atakula tena jioni. Unaweza kumfundisha mama yule makundi yote ya vyakula, na atayakariri. Hana saa ya kupika.

Ndiyo maana naona umaskini wa nyanda hizi hauko kwenye vitu hasa. Uko kwenye muda na nguvu za mikono, na unakuja kwa majira. Hakuna kati ya hivyo vitatu kinachoonekana ukisimama mlangoni na kutazama juu.

## Mzee wa koti

Siku mbili baada ya mkutano nilimkuta yule mzee kilabuni, mbele yake kopo la komoni. Nilikuwa nimejiandaa kuwa na hasira.

“Kamwene, baba.”

“Kamwene, mwanangu. Umekuja kunigombeza kwa ajili ya bibi yako.”

Nikakaa. Akaniagizia kopo. Akaanza kueleza, polepole, bila kujitetea sana.

Ana watoto watano nyumbani. Nyumba yake ni ya nyasi upande mmoja na bati upande mwingine. Kwenye uandikishaji wa kwanza alitajwa na kijiji, akahojiwa, halafu jina halikurudi. Hajui kwa nini. Labda baiskeli, alisema. Alikuwa na baiskeli. Tangu hapo, kila dirisha likifunguliwa anapita barabarani anawaona wenzake wamekaa kwenye foleni na vitambulisho, na mke wake akirudi kisimani anamuuliza, wao wana nini ambacho sisi hatuna?

“Bibi yako namjua,” akasema. “Ni maskini. Lakini akikosa unga ana ninyi. Mmoja yuko Mbeya, mmoja Makambako, mwingine Dar. Mimi nikikosa unga, nakwenda kwa bibi yako.”

Hapo sikuwa na cha kusema, nikanywa komoni.

Maana alikuwa amenigusa mimi. Dodoso halimuulizi bibi, “Wajukuu wako walioajiriwa wanatuma nini?” Au likiuliza, nani atajibu kwa uhakika? Tunatuma tunapokumbuka. Tunatuma Desemba, tukiwa tunakwenda kula. Na tangu bibi aingie kwenye mpango, nakiri kwa niaba ya ukoo mzima, tulituma kidogo zaidi, kwa sababu “bibi ana TASAF.”

Hata majirani hufanya hivyo. Mtu akishakuwa na TASAF, kwenye kugawana vibarua huambiwa wewe subiri, una serikali. Kwenye msiba mchango wake hutarajiwa wa kwanza. Siku ya malipo, muuza duka anajua, mkusanya michango anajua, na wote wana shughuli karibu na ofisi ya kijiji. Shilingi 36,000 hutoka dirishani zikiwa na wenyewe.

Kati ya bibi na yule mzee, nani maskini zaidi? Nimejaribu kupanga hoja kila upande, na kila nikimaliza upande mmoja naona aibu kwa upande wa pili. Tofauti yao ni baiskeli moja na wajukuu watatu wasahaulifu. Kijiji kimeombwa kupitisha mstari kati ya watu hawa wawili, mbele ya umati, kwa kunyoosha mikono, halafu jioni warudi kuazimana chumvi.

## Mfuko wa mbolea

Kuna msaada mwingine wa serikali ambao watu wa huku wanauzungumza kwa furaha zaidi, nao ni mbolea ya ruzuku. Rais Samia aliuzindua hapa Mbeya, kwenye Nane Nane ya 2022, mwaka ambao bei ya mbolea ilikuwa imepanda mpaka wakulima wakaanza kupanda bila kitu. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ya kupandia au wa urea ya kukuzia ukashushwa hadi 70,000. Kwa mkulima wa ekari tano, huo ni wokovu, na sitaki kuubeza.

Bibi aliusikia redioni kwa jirani.

Shilingi 70,000 ni karibu madirisha mawili ya malipo yake bila kula. Hivyo ruzuku ya mbolea huenda kwa mwenye uwezo wa kulipia nusu iliyobaki, naye huvuna zaidi, na Februari ndiye anayeajiri vibarua. Bibi huipata mbolea ile kwa njia moja tu: anaipalilia kwenye shamba la aliyeinunua. Misaada miwili ya serikali moja, kwenye kijiji kimoja, mmoja unamwinua mwajiri na mwingine unamshikilia kibarua asianguke. Hakuna ofisi inayokaa na orodha zote mbili mezani.

## Kule Unguja hawaulizi bati

Rafiki yangu wa Zanzibar alinisikiliza nikilalama kuhusu haya yote akacheka. Kwao, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 alianza kulipwa pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Awe na bati, awe na ghorofa, awe na mtoto Ulaya. Swali ni umri na ukaazi, basi. Hakuna mkutano wa kunyoosheana vidole.

Nilikaa na wazo hilo kwa siku kadhaa nikiona nimepata jibu. Wapeni wazee wote. Bibi asingesimamishwa mbele ya mtu.

Halafu nikaanza kulitilia shaka. Bibi hajafika 70. Angesubiri. Yule mzee wa koti ana hamsini na kitu na watoto watano, naye angesubiri zaidi. Na Zanzibar ni watu wachache ukilinganisha na bara. Fedha za kuwapa wazee wote wa bara lazima zitoke mahali, na ninahofia zingetoka kwenye mfuko huu huu. Bado naupenda utaratibu wa Unguja kwa sababu ya heshima iliyomo ndani yake. Ila siwezi tena kusema unamaliza mambo.

## Februari

Nina dada mmoja niliyesoma naye sekondari Mafinga, sasa ni mtumishi wa halmashauri fulani na amewahi kuzunguka vijijini na kishikwambi akihoji kaya. Wiki iliyopita nilimpigia simu, nikamweleza hoja yangu kwa urefu. Wahojini watu Februari. Na malipo ya mwaka yasigawanywe sawasawa kila miezi miwili. Wapeni zaidi Januari mpaka Machi, wapalilie kwao.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Ana subira, tangu shule.

“Februari gari linakwama njiani,” akasema. “Kuna vijiji tunafika kwa miguu.”

Nikasema basi walipeni kwa simu.

“Bibi yako ana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa?”

Hana. Laini yake imesajiliwa kwa jina la mjukuu wa Makambako.

“Unaona. Na wakala wa pale kijijini Februari hana fedha taslimu, kwa sababu hakuna anayeweka. Watu wanatoa tu.” Akanyamaza kidogo. “Hilo la kuongeza malipo Januari mpaka Machi nalikubali, nimewahi kulisema hata kwenye kikao. Lakini la kuhoji Februari, fikiria tena. Unadhani Februari nitamkuta nani? Nitamkuta bibi yako hana unga. Nitakwenda kwa huyo mzee wako, nitamkuta hana unga. Nitakwenda nyumba ya tatu, hivyo hivyo. Julai angalau naona tofauti.”

“Basi waandike wote.”

“Kila kijiji kina makadirio ya kaya. Idadi inatoka juu kabla sijawasha kishikwambi.”

“Mwambie anayetuma idadi.”

“Mwambie wewe,” akasema. “Mimi nina mkataba.”